Daktari wa Kisiwani Aitwe Nani?

Mwezi Julai 2003 kituo cha Fuji Television cha nchini Japani kilianza kuonyesha tamthilia iitwayo Dr. Koto Shinryojo. Kwa tafsiri ya haraka tungesema Zahanati ya Dokta Koto, ingawa, kama itakavyoonekana mbele, kila neno katika tafsiri hiyo lina mgogoro wake. Tamthilia ilikuwa na sehemu 11, ikafuatiwa na nyingine 11 mwaka 2006, na mwezi Desemba 2022 ikatolewa filamu iliyowarejesha watazamaji kisiwani baada ya miaka mingi. Chanzo chake ni hadithi za picha za Takatoshi Yamada zilizoanza kuchapishwa mwaka 2000, nazo zilichota kutoka maisha ya mtu halisi, Dk. Kenjiro Setoue, aliyekwenda kutibu katika kisiwa cha Shimo-Koshiki mwaka 1978 kwa nia ya kukaa nusu mwaka, akastaafu huko mwaka 2017.

Mhusika mkuu ni Kensuke Goto, daktari kijana wa upasuaji anayeacha hospitali kubwa ya Tokyo na kwenda kuwa daktari pekee wa kisiwa cha kubuni kiitwacho Shikina. Wakazi wengi ni wavuvi. Hospitali yenye vifaa iko ng'ambo, mwendo wa saa 6 kwa chombo. Wenyeji hawamtaki, wamekwisha kuona madaktari wakija na kuondoka, na wengine wakiondoka baada ya kuharibu. Picha zilipigwa katika kisiwa cha Yonaguni, mpakani kabisa mwa Japani upande wa magharibi, ambako Taiwan iko umbali wa kilomita 111 hivi tu.

Msomaji ana haki ya kuuliza: habari za kisiwa cha Wajapani zinaingiaje katika jarida la istilahi? Jibu ni kwamba tamthilia za kigeni zinatiwa sauti za Kiswahili, na kazi hiyo imekwisha kuota mizizi. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou na mama wakwe zake ikisema Kiswahili. Baadaye zikafuata za Kituruki na nyinginezo. Kabla ya hapo walikuwapo wafasiri wa mabanda ya video, kama Lufufu wa Dar es Salaam, waliosimulia sinema kwa sauti moja tu ya mtu mmoja. Iwapo basi Goto naye atatiwa Kiswahili, mfasiri hatakuwa amekwenda mbali kabla ya kukutana na swali ambalo orodha zetu za istilahi hazijalijibu. Kijana huyu aitwe nani na wagonjwa wake?

Mwandishi wa makala haya alikutana na swali hilo akiwa likizoni Kilwa Kivinje. Nilikuwa na sehemu ya kwanza ya tamthilia hii katika kompyuta, yenye manukuu ya Kiingereza, na jamaa zangu wakataka kuitazama. Nikajifanya Lufufu. Waliokaa mkekani walikuwa bibi yangu, shangazi wawili, watoto kadhaa, na mjomba ambaye kwa miaka mingi alikuwa nahodha wa jahazi. Nilidhani nitawafasiria. Baada ya dakika 10 wao ndio waliokuwa wakinisahihisha.

Kosa langu la kwanza lilikuwa baharini. Goto anawasili katika boti ya mvuvi, naye anatapika njia nzima. Nikasema, "Daktari amepata kichefuchefu cha safari." Mjomba akaguna. "Sema bahari imemlevya." Ndivyo isemwavyo pwani, na neno hilo limo katika kamusi tangu zamani, lakini mimi, mtumishi wa istilahi, nililiruka nikatunga kirai kinachonuka ofisi. Wala tofauti si ya ladha tu. Mtu aliyelevywa na bahari amekwisha kuhukumiwa na wavuvi kabla hajafungua mkoba wake wa dawa. Mtu mwenye kichefuchefu cha safari ni mgonjwa wa kuhurumiwa.

Kosa la pili ndilo lililozaa makala haya. Wajapani humwita daktari sensei. Neno hilo, kwa maana ya maandishi yake, ni "aliyetangulia kuzaliwa", na hutumika kwa mwalimu, daktari, mwanasheria, hata mbunge. Mvuvi mwenye mvi humwita kijana wa Tokyo sensei, yaani humpa ukubwa wa umri kwa sababu ya elimu yake. Ndani ya tamthilia neno hilo hilo hutamkwa kwa dharau mwanzoni, kisha kwa woga, kisha kwa mapenzi. Neno halibadiliki, kinachobadilika ni moyo wa anayelitamka. Nami nilikuwa nikilifasiri kwa "daktari", kila mara "daktari", hata bibi akauliza: "Huyu ni daktari kweli au ni tabibu? Mbona yuko peke yake kwenye zahanati?"

Swali la bibi halikuwa la ujinga. Katika utumishi wetu wa afya majina haya yamegawana vyeo. Yuko tabibu msaidizi, yuko tabibu, yuko daktari msaidizi, yuko daktari, na juu yao madaktari bingwa. Zahanati ya kijiji, ambayo ndiyo ngazi ya chini katika mfumo wa serikali, kwa kawaida haina daktari kwa maana ya cheo hicho. Ina tabibu, au muuguzi, au wote wawili Mungu akijalia. Kwa hiyo masikio ya Kilwa yanaposikia "daktari wa zahanati" yanasikia jambo lisilo la kawaida, kama mtu aliyeambiwa kwamba jaji wa Mahakama Kuu amepelekwa kukaa baraza la kata. Yamkini Wajapani walitaka watazamaji wao washangae hivyo hivyo, maana hadithi yote imejengwa juu ya ajabu ya mpasuaji hodari kujizika kisiwani. Hapo Kiswahili kinaitumikia tamthilia vizuri kuliko Kiingereza cha manukuu, ambacho kina neno moja tu.

Hata hivyo mgawanyo huo wa vyeo umefanya dhuluma kwa neno zuri. Tabibu ni neno lenye heshima ndefu. Washairi wamelitumia kwa mwenye kuponya maradhi ya mwili na ya moyo, na waimbaji wa taarabu hawajaliacha mpaka leo. Tulipolichukua na kulipa cheo kilicho chini ya daktari, tulilishusha kwa kalamu pasipo kumwuliza mtu. Sisemi kwamba orodha za vyeo zibadilishwe. Watumishi wanaotajwa humo wana haki zao na mishahara yao, na jina la cheo si mchezo. Ninasema tu kwamba mfasiri anayetafuta neno la mapenzi, lile ambalo mvuvi wa Shikina angelitumia baada ya mwanawe kupona, atalikuta tabibu limekaa ofisini limefungwa tai.

Sasa tuje kwa mganga. Hili ndilo neno la Kibantu, lenye ndugu zake kutoka hapa mpaka Kongo, na ndilo lililo na historia nzito zaidi katika pwani hii ya kusini. Mjomba ndiye aliyeniuliza kwa nini simwiti Goto mganga. Kwake yeye mganga ni mtu yeyote anayeganga: wa mizizi, wa vitabu, wa sindano. Watoto waliokuwa mkekani wakacheka. Kwao mganga ni mtu wa tunguri tu. Katika chumba kimoja, basi, neno moja lilikuwa na maana mbili zilizotengwa na umri.

Na Serikali yenyewe iko upande gani? Iko pande zote mbili. Kiongozi mkuu wa kitaalamu wa tiba nchini ni Mganga Mkuu wa Serikali. Wilayani yuko Mganga Mkuu wa Wilaya. Hospitalini yuko mganga mfawidhi. Papo hapo, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inamshughulikia mganga wa upande wa pili. Neno hili, kwa hiyo, liko kileleni mwa ngazi na liko nje ya ngazi, na katikati yake halipo. Hakuna mtumishi wa kawaida wa zahanati aitwaye mganga peke yake. Mtumishi wa halmashauri anayeandika tangazo la kijiji akisema "wagonjwa wote wamwone mganga" hana budi kujua kwamba bibi yangu atakwenda zahanati, na mjukuu wake atashangaa tangazo la namna hiyo limetoka wapi. Hili si jambo la kubuni kwa ajili ya mjadala. Nimepata kuona kibao cha "Mganga wa Zamu" ambacho vijana wamekichora tunguri kwa mkaa.

Katika wilaya hii, tena, neno mganga halisikiki pasipo mwangwi. Vita vya Maji Maji vilianzia katika milima ya Umatumbi mwezi Julai 1905, na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyegawa maji, alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro mwanzoni mwa Agosti mwaka huo huo. Ebrahim Hussein, ambaye ni mtoto wa pwani hii, alitoa tamthilia yake ya Kinjeketile mwaka 1969, na kiini cha mchezo ule ni neno ambalo likishatoka kinywani mwa mganga halirudi. Mtazamaji wa Kilwa ana kumbukumbu hiyo akijua asijue. Ukimwita kijana wa Tokyo mganga, umemwongezea mzigo ambao mtungaji wake hakumtwisha. Baadhi ya wafasiri wangeuona mzigo huo kuwa hasara. Kwangu mimi una faida, kwa sehemu moja tu: pale wenyeji wanapomwogopa. Mtu mgeni, mwenye elimu ya siri, anayeshika kisu. Hakuna neno linalobeba woga huo kama mganga.

Mandhari ya woga huo ndiyo bora katika sehemu ya kwanza. Mtoto Takehiro anaumwa kidole tumbo. Baba yake, mvuvi asiyewaamini madaktari wa kisiwani, anamtia mwanawe katika boti ili ampeleke ng'ambo kwa zile saa 6. Goto anaingia naye botini. Katikati ya bahari hali inakuwa mbaya, na daktari anamwomba baba asimamishe injini ili ampasue mtoto hapo hapo. Mandhari haya yamepigwa picha kwa utulivu wa ajabu. Hakuna muziki wa kutia presha. Kuna boti inayoyumba, taa ya mkononi, na baba aliyelazimika kuishika taa hiyo huku akitazama asichotaka kukitazama.

Nilipofika hapo nikasema, "Nipe idhini nimfanyie mwanao upasuaji." Shangazi mkubwa akasema kwamba hakuna mtu anayesema hivyo kwa baba mwenye mtoto anayekufa. Angesema, "Niache nimpasue." Shangazi mdogo akapinga: kupasua ni kuni na mbao, asingekubali yeye mwanawe apasuliwe, hospitalini husemwa operesheni. Walibishana mpaka nikasimamisha picha. Hapa nakiri kwamba zamani ningemwunga mkono shangazi mdogo kwa sababu ya adabu, au ningewapuuza wote wawili na kushikilia upasuaji kwa sababu ndilo neno sanifu. Leo namwunga mkono shangazi mkubwa. Upasuaji ni jina la fani. Linafaa mlangoni, katika cheti na katika kitabu cha mwanafunzi. Ndani ya boti, usiku, kitenzi chenye makali ndicho kinachosema kweli, na baba anayekubali neno "nimpasue" amekubali jambo zito kuliko anayekubali "kufanyiwa upasuaji".

Kwa kidole tumbo hatukuwa na mjadala. Wapo waandishi wanaotumia kibole, nalo ni neno fupi na linalopendeza katika mchoro wa viungo vya mwili. Lakini mkekani hapakuwa na aliyelijua, na kila mtu alikijua kidole tumbo. Nusukaputi nayo ilipita bila swali kwa wazee, huku watoto wakisema "dawa ya usingizi". Inasemekana nusukaputi ilibaki kutoka Kijerumani. Kama ni hivyo, Kivinje, ambako Wajerumani waliweka boma lao, ina haki ya kuitumia.

Neno jingine linalohitaji uangalifu ni lile linaloeleza kisiwa chenyewe. Wajapani wana neno rito, kisiwa kilichotengana na nchi kubwa, na wana sheria maalumu ya kuendeleza visiwa vya namna hiyo tangu mwaka 1953. Manukuu ya Kiingereza yanasema kisiwa cha mbali. Maofisa wetu wangeandika "eneo gumu kufikika". Mjomba hakulikubali lolote. Mtu wa Songo Songo, alisema, hakai mbali, anakaa kwake. Bara ndiyo iliyo mbali, na hospitali ndiyo iliyo gumu kufikika. Kweli, mgonjwa wa Songo Songo huvuka bahari kabla ya kufika Kinyonga, hospitali ya wilaya iliyoko hapo Kivinje, na wa Kilwa Kisiwani, ingawa maji yanayomtenga na Masoko ni machache, humngoja mwenye mashua. Lakini hata bara hugeuka kisiwa. Mwezi Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya na mvua zake, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika maeneo ya Somanga, na Lindi yote ikawa ng'ambo. Kwa hiyo katika mazungumzo ya wenyeji wa Shikina mfasiri aseme bara na kisiwani, kama tusemavyo, na kirai cha kisiwa cha mbali akiweke vinywani mwa watu wa Tokyo tu.

Nimeisifu tamthilia, yafaa pia niseme inapopungua. Goto ni hodari mno. Zahanati yake ndogo hutenda mambo ambayo hospitali ya mkoa ingesita kuyatenda, na kwa kadiri sehemu zinavyosonga mtazamaji huanza kujua kwamba mgonjwa atapona kabla hajaugua. Aidha muuguzi, Ayaka Hoshino, ambaye ni mzaliwa wa kisiwa na ndiye anayewajua wagonjwa kwa majina ya bibi zao, mara nyingi huachwa kupokea mkasi na kutazama kwa mshangao. Kwetu mambo ni kinyume. Daktari hupita, anayebaki ni muuguzi. Jina lake lenyewe limejengwa vizuri: kuugua huzaa kuuguza, na kuuguza huzaa muuguzi, mtu anayekaa na ugonjwa wa mwenzake. Tamthilia ingelimpa muuguzi huyu nafasi ya pili badala ya nafasi ya tano, ingekuwa karibu zaidi na ukweli wa visiwa, vya Japani na vya kwetu. Anayestahili sifa ni baba yake Ayaka, mtumishi wa ofisi ya kijiji aliyehangaika kumtafuta daktari. Ni nadra kuona mtumishi wa serikali akichorwa katika tamthilia bila kufanywa mla rushwa au kichekesho.

Limebaki jina la tamthilia. Mtoto aliyepona anamtengenezea daktari bendera ya zahanati, anakosea, anaandika Koto mahali pa Goto. Katika hati ya Kijapani tofauti ya sauti hizo mbili ni vistari viwili vidogo juu ya alama moja, na mtoto amevisahau. Daktari anaipandisha bendera vilevile. Katika hati yetu G na K hazifanani, na mtazamaji atadhani ni jina jingine kabisa. Kwa sauti tu jambo lingeeleweka. Jirani yetu wa upande wa Masasi ambaye lugha yake ya kwanza ni Kimakua, lugha isiyo na sauti g, anaweza kutamka Goto likawa Koto bila kukosea lolote kwa mizani ya lugha yake. Kwa maandishi napendekeza mtoto asahau kile kikia kidogo cha herufi G. Bendera itasomeka "Coto", na Mswahili, ambaye C peke yake haimo katika alfabeti yake, ataitamka kama K. Kosa litabaki kuwa la mtoto, na sauti itabaki kuwa ile ile.

Na swali la kwanza? Nililirudisha kwa mjomba tulipomaliza, nikampa majina yote manne, mganga, tabibu, daktari na dokta, achague. Hakuchagua. Alisema siku ya kwanza kijana yule angeitwa "bwana daktari", kama walivyoitwa bwana afya na bwana shamba, kwa adabu ya kumweka mbali. Akizoeleka ataitwa "dokta". "Na baada ya lile la botini?" nikauliza. Bibi ndiye aliyejibu, akishika ukingo wa mkeka ili aukunje: baada ya lile la botini ataitwa mwanangu.

Hilo ni kinyume kabisa cha sensei. Mjapani humpandisha kijana awe mkubwa wake. Mtu wa Kivinje humshusha awe mtoto wake, na kwa kumshusha amempa nyumba. Nimejaribu tangu siku hiyo kuitazama upya sehemu ya mwisho ya mwaka 2003 nikiweka "dokta mwanangu" kila mahali mzee wa kisiwa anaposema sensei. Kila nilipojaribu, maneno yaliuingia mdomo wa mwigizaji bila kuzidi.